Ukisikia mshindo, usivute: kuvua juu ya magugu

Swali linalonijia mara nyingi siku hizi linahusu samaki kichwa-nyoka. Mtu ameona video: kijito chembamba huko Marekani, majani yamefunika maji kote, chura wa mpira, yaani chambo cha bandia, anarukaruka juu yake, halafu ghafla maji yanapasuka. Anataka kujua kama uvuvi ule unawezekana huku kwetu, na kwa nini wale jamaa, pamoja na vifaa vyao vyote, wanakosa samaki wengi hivyo.

Kichwa-nyoka wa video zile, Channa argus, hayuko Ziwa Naivasha wala Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, na namwomba kila anayesoma hapa asije akamleta. Kwao ni Uchina, Korea na mashariki ya mbali ya Urusi. Mwaka 2002 alipatikana kwenye bwawa moja huko Crofton, jimbo la Maryland, Marekani, na serikali ya jimbo ikatia sumu bwawa zima ili kummaliza. Mwaka 2004 wengine wakapatikana Mto Potomac, na huko wamezaliana hadi leo. Sisi wa Naivasha tunajua jambo la aina hiyo likishatokea halirudishiki. Karibu samaki wote wa ziwa letu waliletwa na binadamu. Besi wenyewe, Micropterus salmoides, walitoka Marekani mwaka 1929.

Lakini besi huyo ndiye sababu ya mimi kuandika. Yeye pia hukaa chini ya magugu, na kumvua kwa chura wa mpira kunahitaji karibu ujuzi ule ule. Kumshawishi apige si kazi kubwa. Samaki aliye chini ya gugu maji ana paa juu yake, hana woga, na hupiga kwa nguvu. Kazi ni kujua yuko chini ya tundu lipi saa hii, kisha kutulia kidogo baada ya maji kupasuka.

Tuanze na mahali. Vijito vya Potomac wanakovua kichwa-nyoka ni vya maji yasiyo na chumvi, lakini bado maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Yakijaa, magugu husimama na kichwa-nyoka huingia ndani kabisa, kwenye kina kifupi katikati ya mashina ambako boti haifiki. Yakipwa, magugu hulala juu ya maji yakashikana, na samaki husogea ukingoni mwa mkondo. Mahali palipompa mtu samaki asubuhi huenda pakawa tope tupu kufikia adhuhuri.

Naivasha hatuna kujaa wala kupwa. Tuna upepo. Asubuhi ziwa huwa limetulia. Mchana upepo unainuka, na visiwa vya gugu maji na mafunjo vinaanza kutembea. Ghuba iliyokuwa wazi inazibwa, ng'ambo kunafunguka mlango. Watu wa Kisumu wanalijua hili kutuzidi: upepo wa alasiri unaotoka ziwani husukuma gugu maji hadi pale Dunga, na kuna siku boti hazitoki. Kwa hiyo nikipanga safari, naanza kwa kuuliza upepo wa jana ulivuma kwenda wapi. Gugu lililofika leo asubuhi halina kitu chini yake. Lililokaa siku kadhaa limeshakusanya wadudu, vyura, samaki wadogo na wale kamba wa maji baridi walioletwa ziwani mwaka 1970, ambao besi huwapenda sana.

Ila likikaa mno, besi anaondoka, na hapo ndipo yeye na kichwa-nyoka wanapoachana njia. Chini ya gugu zito mwanga haupiti na oksijeni hupungua. Besi hupumua kwa matamvua tu, kwa hiyo hukaa ukingoni, au chini ya tundu lenye maji yanayopumua. Mtupie chura katikati ya zulia lililofunga kabisa na utachosha bega lako bure. Kichwa-nyoka hupumua hewa, kama kamongo wetu, na akiisha kukua ni lazima apande juu kuivuta, hata maji yawe na oksijeni kiasi gani. Anaweza kuwa mahali popote pale ndani. Lakini hitaji hilo hilo humfichua: majani yanainuka kidogo, kiputo kinatoka, na ukiwa umetulia utasikia mdomo ukifungika. Ukitaka kuzoeza macho yako kuiona dalili hiyo, kaa kimya kando ya mafunjo Dunga, asubuhi kabla injini hazijawashwa, usubiri kamongo apande.

Sasa lile pigo lenyewe. Samaki anayepiga kutoka chini ya majani hamwoni chura vizuri. Anaona kivuli na kuhisi mtikisiko, anakisia, anajirusha. Mara nyingi anachopata mdomoni ni majani. Isitoshe, chura wa mpira ni mtupu ndani, na ndoana zake mbili zimelala mgongoni ili zisikamate magugu. Hazijitokezi mpaka samaki afunge mdomo na kumbana chura. Ukivuta mara tu usikiapo mshindo, unamnyang'anya chambo kabla hajakifunga. Na mkono wa binadamu hutaka kuvuta papo hapo. Hata mtu aliyevua miaka mingi mtoni hufanya hivyo.

Wageni wangu nawaambia watazame mshipi, wayasahau maji. Shusha ncha ya ufito. Kusanya mshipi uliolegea. Ukiona mshipi unatembea upande, au ukihisi uzito unashuka chini, hapo vuta kwa nguvu zako zote, maana mdomo wa besi ni mgumu na wa kichwa-nyoka ni mfupa mtupu wenye meno. Asipokuwepo, usimrudishe chura botini. Mwache palepale, mtikise mara moja, ngoja. Besi wengi hurudi chura akiwa amesimama juu ya tundu. Wageni waliovua Maryland huniambia kichwa-nyoka ni kinyume: humfukuza chura anayekwenda bila kusita, na akisimama humwacha.

Kuna pigo jingine lisilo la njaa. Kichwa-nyoka dume na jike hulinda watoto wao pamoja. Maji juu ya kundi la watoto hutetemeka kama yanayonyeshewa mvua nyembamba, na wazazi wako chini yake, tayari kupiga chochote kinachopita. Maryland wanataka samaki hao watolewe majini, kwa hiyo huko hakuna anayelaumiwa kwa kuwavua hivyo. Kwetu besi dume naye hulinda kiota, na huyo naomba aachwe. Besi wa Naivasha wamepungua mno kwa mtu kuwavua wakiwa katika kazi hiyo.

Vifaa nitavitaja kwa ufupi. Mshipi uwe wa kusokotwa, wa kubeba kilo 25 hadi 30. Nailoni hunyumbuka, na haikati majani. Ufito mgumu wa mita mbili na kidogo. Chura mpya usimtupe kama alivyotoka dukani: chukua koleo upinde kila ndoana nje kidogo, unene wa nywele chache tu, kisha kata mguu mmoja wa mpira uwe mfupi kuliko mwingine ili ageuke huku na huku ukimvuta. Mkamue mara kwa mara, kwa sababu maji humwingia kupitia tundu la ndoana akaanza kuzama.

Na kiboko. Naivasha kiboko hukaa kwenye magugu yale yale unayoyatamani, na tangu ziwa lilipopanda likameza migunga ya ufukweni, maficho yake yameongezeka. Sisogezi boti kwenye ukingo ambao sijautazama kwa muda nikiwa mbali. Majani yakitikisika bila upepo, au nikisikia pumzi nzito, tunaondoka, hata kama samaki wanaruka.

Samaki akishanasa, usimpe nafasi ya kugeuka. Mvute juu ya majani moja kwa moja. Akipiga mbizi atajizungushia magugu, na utakachovuta ni furushi zito lisilopigana. Usilegeze mshipi ukidhani ametoka. Lilete hadi ubavuni mwa boti, lipasue kwa koleo polepole kuanzia upande wa mshipi, na vidole usiviingize mpaka umeona kichwa kiko wapi.