Simu za roboti: kwa nini namba inafanana na yako

Simu ya roboti ni simu inayopigwa na kompyuta. Inapewa orodha ya namba, inazipiga maelfu kwa mkupuo, na ukipokea unakutana na sauti iliyorekodiwa: waranti ya gari lako inaisha, unadaiwa kodi, kuna bima nafuu. Kwa kuwa simu inapitia intaneti, gharama yake ni ndogo mno. Akinasa mmoja kati ya maelfu, mpigaji kesharudisha hela yake.

Marekani, ambako kero hii imekolea, kinachowaponza wengi ni namba. Unaishi Minneapolis, simu inaita, kiooni unaona 612, tarakimu za mwanzo za namba za mji huo, na tarakimu tatu zinazofuata ni zilezile za namba yako. Unadhani ni shule ya mtoto. Kumbe namba imeghushiwa. Mpigaji kajiandikia aliyoitaka. Ndiyo maana kublock namba moja hakufui dafu, kesho anakuja na nyingine. Na ukiipigia, huenda akapokea mtu baki asiyejua lolote. Tangu Juni 2021 kampuni kubwa za simu zinatakiwa kuthibitisha namba kwa saini ya kidijitali, ila saini hiyo hupotea simu ikipita kwenye mitambo ya zamani.

Sheria ya kuzibana simu hizi ipo tangu 1991. Mwaka 2003 ikaja orodha ya kitaifa ya wasiotaka kupigiwa na wauzaji: unajiandikisha bure kwenye donotcall.gov, na wauzaji wanapewa hadi siku 31 waache kukupigia. Wanasiasa, mashirika ya hisani na wakusanya maoni hawafungwi nayo. Tapeli naye haisomi. Hata hivyo naona ina faida: siku hizo zikipita, anayekupigia kukuuzia kitu na hamjuani kabisa, mhesabu mwizi mpaka athibitishe vingine.

Sauti ikisema “bonyeza 2 tufute namba yako”, usibonyeze. Utakuwa umewaambia kwamba namba iko hai na ina mwenyewe. Kata tu.

Akiwa ni mtu wa kampuni halali, mwambie waziwazi: namba yangu iwekeni kwenye orodha yenu ya wasiopigiwa. Andika tarehe, saa na jina la kampuni. Wakiendelea kukusumbua, sheria inakuruhusu kuwadai mahakamani hadi dola 500 kwa kila simu, na hakimu atataka kuona ulichoandika.