Barafu yenye moto na nusu uniti ya umeme: tunayoyakosea kuhusu leza na eksirei

Chini kabisa ya Ziwa Victoria, mita 80 hivi kutoka juu, maji hubanwa kwa mgandamizo unaokaribia mara tisa ya ule wa hewa tunayovuta. Katikati ya dunia mgandamizo unapita mara milioni tatu. Hakuna wa kwenda kuangalia: shimo la Kola nchini Urusi, lenye kina kuliko yote, liliishia kilomita 12 na ushee, wakati safari nzima ni kilomita 6,371. Ndiyo maana wanasayansi hubana kipande kidogo cha kitu kwa leza, kisha wakakitazama kwa eksirei. Huku Mwanza habari hizi hutufikia kwa video za WhatsApp, zikiwa zimeshaongezwa chumvi. Haya ni manne ninayoyasikia.

"Wamarekani wameshapata umeme wa bure kwa leza."
Tarehe 5 Desemba 2022, maabara ya Lawrence Livermore huko California ilipiga miale 192 ya leza ndani ya kikopo cha metali. Kuta zake zikatoa eksirei, nazo zikabana kidonge cha haidrojeni kilicho kidogo kuliko punje ya mtama. Leza iliingiza nishati ya megajuli 2.05, viini vya atomu vilipoungana zikatoka 3.15. Ni hatua kubwa kweli. Lakini zigeuze ziwe uniti za umeme tunazonunua kwa LUKU, maana uniti moja ni megajuli 3.6: iliyoingia ni nusu uniti na kidogo, iliyotoka haifiki uniti moja. Na mitambo ya leza ilikuwa imevuta megajuli kama 300 kutoka kwenye gridi, yaani uniti 80 na ushee. Umeme wa kuuza bado haupo. Kwangu mimi ajabu iko kwenye hiyo nusu uniti: ilimwagwa yote ndani ya sehemu chache za bilioni ya sekunde, na hapo ndipo ukali wake ulipotoka.

"Barafu lazima iwe baridi."
Hii naipenda kuliko zote. Mwaka 2019 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya kwa leza ya Omega, Chuo Kikuu cha Rochester. Walifungia utando wa maji katikati ya vipande viwili vya almasi, wakaupiga kwa leza. Uso unaopigwa hugeuka mvuke na kuruka nje, na msukumo wake hupeleka mawimbi ya mshtuko ndani. Maji yakabanwa kwa mgandamizo wa mara milioni kadhaa ya hewa, yakapata joto la zaidi ya nyuzi 1,600, kiasi cha kuyeyusha chuma. Hata hivyo yaliganda: atomu za oksijeni zilijipanga imara, huku za haidrojeni zikitiririka katikati yao. Inadhaniwa barafu ya namna hii imejaa ndani ya Uranus na Neptune.

"Eksirei ya maabara ni ile ile ya hospitali ya Bugando, ila kubwa."
Ya hospitali huonyesha kivuli cha mfupa. (Na mashine ikizimwa, hakuna eksirei inayobaki mwilini mwa mgonjwa, wazazi wasihofu hilo.) Ya maabara hutawanywa na atomu: zikiwa zimepangika, michirizi au nukta kali hujitokeza kwenye kipokezi, zikiwa kimiminika, huonekana ukungu tu. Hivyo ndivyo walivyojua kwamba maji yale yameganda. Isitoshe, kipande hulipuka mara moja, kwa hiyo mtambo wa eksirei wa LCLS wa Stanford, Marekani, unaofanya kazi tangu 2009, hutoa mipigo ya eksirei ya femtosekunde chache, yaani sehemu za milioni ya bilioni ya sekunde.

"Almasi haiwezi kupatikana ila ardhini."
Za jirani zetu wa mgodi wa Mwadui ziliundwa kilomita zaidi ya mia moja chini. Lakini mwaka 2017, kwenye mtambo huo wa LCLS, leza ilibana polistairini, plastiki ya jamii moja na maboksi meupe ya kusafirishia minofu ya sangara, na kaboni yake ikageuka almasi. Zilikuwa chembe za nanomita chache, hakuna mnunuzi wa kuzitaka, na eksirei ilizikuta zikiwa ndiyo kwanza zinaundwa.