Wazazi wanataka saratani ya watoto itangazwe. Itangazwe vipi?

Wazazi wa watoto tunaowatibu hapa Lubumbashi wana ombi moja ambalo hulirudia kila Februari inapokaribia: watu waambiwe. Tarehe 15 ya mwezi huo ni siku ya kimataifa ya saratani ya watoto, iliyoanza 2002, na wao hawataki iendelee kupita kimya katika mitaa yetu ya Katuba, Kenya na Ruashi. Wanataka redio, makanisa, shule. Mimi ni daktari wa watoto na kazi yangu kubwa ni saratani, kwa hiyo niko upande wao. Ila nina maoni yangu juu ya nini hasa kitangazwe, maana tukikosea ujumbe tutawatia watu hofu bure.

Matangazo ya saratani tuliyoyazoea yametungwa kwa ajili ya watu wazima. Acha sigara, punguza pombe, jikague matiti. Mtoto wa miaka mitatu haachi sigara. Saratani nyingi za watoto hazitokani na jambo lolote ambalo mzazi angeweza kulikwepa, na hakuna kipimo cha kuwapitisha watoto wote wazima ili kuwakamata wachache walioanza kuugua. Kinachobaki mikononi mwetu ni kuwahi, na kumaliza matibabu. Hayo mawili tu ndiyo ya kutangaza.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona; katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Wengi hudhani wenzetu wana dawa mpya za ajabu. Wanazo, lakini sehemu kubwa ya kupona huko inatokana na dawa za zamani sana: vinkristini, siklofosfamidi, metotreksati. Pengo liko katika mtoto kufika akiwa amechelewa, kupewa jina la ugonjwa mwingine, dawa kukosekana, na familia kuondoka kabla ya mwisho. Mwaka 2018 Shirika hilo liliweka lengo la kufikia angalau asilimia 60 duniani kote ifikapo 2030.

Hapa kwetu kuna swali ambalo kila baba huniuliza, hasa wanaofanya kazi mgodini: “Dokta, haitoki kwenye ile vumbi?” Swali lina haki yake. Utafiti uliofanyika hapahapa Lubumbashi na kuchapishwa 2020 ulionyesha kwamba mtoto ambaye baba yake anafanya kazi ya mgodi yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro za mwili. Lakini huo ulihusu kasoro za kuzaliwa. Tukiubeba na kuufanya tangazo la saratani, tutawabebesha akina baba hatia isiyo na ushahidi, na mtoto hatafika hospitali mapema zaidi kwa sababu hiyo.

Tuje kwenye kuchelewa. Watu hupenda kusema wazazi wanachelewa kwa sababu ya bulozi, yaani uchawi, na vyumba vya maombi. Wapo wanaoanzia huko, sikatai. Ila ukikaa na mama ukamwuliza safari yake hatua kwa hatua, mara nyingi utasikia kwamba alikwenda kituo cha afya mapema kabisa, akarudi, akarudi tena. Muuguzi aliyempokea hakuwa mzembe. Muongozo anaoufuata, ule wa PCIME wa kuhudumia watoto wagonjwa vituoni, umejengwa juu ya malaria, nimonia, kuhara, surua na utapiamlo, na ni sawa, kwa sababu hayo ndiyo yanayoua watoto wengi zaidi. Ila leukemia, saratani ya damu, huanza kwa homa, kupauka na uchovu. Nani hapa hataita hiyo malaria?

Na TDR itamuunga mkono! Kile kipimo cha haraka cha malaria, katika aina zinazotumika sana, hutafuta protini ya vimelea ambayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea vyenyewe kufa. Mtoto ametibiwa malaria, amerudi baada ya wiki mbili na homa, TDR bado inaonyesha mistari miwili, anatibiwa tena. Kisha damu inapungua, anaongezewa damu, anachangamka siku chache, wote wanapumua. Kama kabla ya kumwongezea hakufanyiwa NFS, kipimo cha kuhesabu chembe za damu, tumeifunika picha wenyewe. Mbaya zaidi ni dexa (deksamethasoni, dawa ya kushusha uvimbe) inayouzwa kwenye famasi bila karatasi ya daktari: inashusha uvimbe wa leukemia na wa limfoma, saratani ya tezi, kwa muda, na baadaye hata sisi wenye darubini tunahangaika kuutaja ugonjwa.

Kwa hiyo tangazo la kwanza ningelielekeza kwa wauguzi, si kwa wazazi. Mtoto anayerudi mara ya tatu kwa tatizo lilelile anahitaji NFS na macho ya mtu mwingine. Mtoto mwenye homa anayetoka damu kwenye fizi, au anayelia usiku kwa maumivu ya mifupa na kukataa kutembea, asingoje hiyo mara ya tatu.

Wazazi nao, pamoja na bibi na dada wanaoogesha watoto, wana dalili ambazo wao huziona kabla yetu. Uvimbe wa figo uitwao Wilms mara nyingi hugunduliwa na mkono wenye sabuni: upande mmoja wa tumbo mgumu, mtoto mwenyewe anacheza tu. Msiubonyezebonyeze, mleteni. Jicho lenye mwanga mweupe ndani ya mboni, ambao siku hizi hujitokeza kwenye picha za simu zilizopigwa kwa flashi, au kengeza lililoanza ghafla, linaweza kuwa retinoblastoma, saratani ya jicho. Ikiwahiwa, mtoto hubaki hai na mara nyingine jicho pia hubaki. Halafu kuna taya. Limfoma ya Burkitt, aliyoieleza daktari Denis Burkitt akiwa Uganda mwaka 1958, huja kama uvimbe wa taya na meno kulegea, na inaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku mbili. Mzazi humpeleka mtoto kung’olewa jino. Ningependa kila anayeng’oa meno mjini hapa, mwenye diploma na asiye nayo, aijue hiyo.

Upande wa kumaliza matibabu, mimi na wenzangu hatutoshi. Burkitt huyeyuka ndani ya siku chache baada ya dawa ya kwanza. Leukemia hupotea kwenye darubini baada ya kama mwezi, kumbe matibabu yake ni ya miaka miwili hadi mitatu. Mama anatazama mtoto anakimbia, anahesabu pesa iliyobaki, anasema: “Dokta, mutoto alishapona, tutarudia nini tena?” Jibu langu lina takwimu. Jibu la mama mwingine, ambaye amekaa kwenye kiti kilekile na mtoto wake sasa yuko darasani, lina uzito ambao sina. Vivyo hivyo kwa jicho linalopaswa kutolewa: nimeona baba aliyekataa kwa wiki nzima akikubali jioni ileile alipomwona mtoto mwenye jicho bandia akipiga mpira uani.

Ndiyo maana nawaambia wazazi wasianze na utepe wa dhahabu, ile alama ya saratani ya watoto, wala maandamano ya barabarani, ingawa siwazuii. Waanze siku za chanjo na za kupima watoto kilo, pale mama hamsini wamekaa kwenye mabenchi wakisubiri zamu. Dakika kumi, mzazi mmoja, dalili nne. Na tangazo lolote, la redio au la kanisani, litaje mahali pa kwenda na kipimo cha kuomba, pamoja na nani atakayesaidia pa kulala familia inayotoka Likasi au Kasenga. Hilo la kulala ndilo wazazi wenyewe waliliongeza kwenye karatasi yangu ya mambo ya kutangaza, juu kabisa, kabla ya dalili.