Kutoka mswada wa Washington hadi akaunti ya mji: jinsi fedha za shirikisho zinavyofika majimboni Marekani

Bunge la Marekani linapopitisha mswada wa matumizi na Rais akautia saini, habari hutangazwa kwamba shule zimepata mabilioni kadhaa, barabara mabilioni kadhaa, makazi mabilioni kadhaa. Siku hiyo hakuna shule wala mji uliopokea hata senti moja. Kilichotolewa ni kibali cha kisheria: wizara fulani ya serikali ya shirikisho imeruhusiwa kuingia ahadi za malipo hadi kiwango fulani, kwa kazi iliyotajwa, ndani ya muda uliowekwa. Kibali hicho kina ngazi kadhaa za kupita kabla mwalimu au fundi hajalipwa, na kila ngazi ina pa kukwama.

Fedha hizi ni nyingi. Ruzuku za serikali ya shirikisho kwa majimbo, kaunti na miji zimevuka dola trilioni 1 kwa mwaka, na zaidi ya nusu huenda kwenye afya. Msomaji wa Kenya aliyezoea mgao wa kaunti ashike jambo moja mapema. Katiba ya Kenya ya 2010 inazihakikishia kaunti angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Katiba ya Marekani haina kifungu cha namna hiyo. Mpango wa kugawana mapato bila masharti mengi uliwahi kuwepo tangu 1972, ukafutwa 1986. Tangu hapo karibu kila dola inayoshuka kutoka Washington ina jina la kazi yake na masharti yake.

Kila mpango husimama juu ya sheria mbili. Ya kwanza huuanzisha, ya pili huutilia fedha. Sheria ya elimu ya msingi na sekondari ya 1965 ndiyo iliyoleta Title I, ruzuku ya shule zenye watoto wengi wa familia maskini. Lakini fedha zenyewe huandikwa kila mwaka katika mswada mwingine, ule wa wizara za Kazi, Afya na Elimu. Sheria ya kwanza inaweza kutaja kiwango kikubwa cha juu. Ya pili ndiyo yenye fedha, na mara nyingi hutoa pungufu. Mhasibu wa wilaya ya shule akipanga bajeti kwa tarakimu ya sheria ya kwanza, amepanga fedha ambazo hazipo.

Miswada ya matumizi ni 12 kwa mwaka, kila mmoja ukiandaliwa na kamati ndogo yake katika Baraza la Wawakilishi na katika Seneti. Mwaka wa fedha huanza Oktoba 1, na ni nadra sana yote 12 kuwa tayari siku hiyo. Bunge hupitisha sheria ya muda inayoruhusu matumizi yaendelee, kwa kawaida kwa kiwango cha mwaka uliopita na bila miradi mipya. Wizara nazo hutoa fedha vipande vipande, kwa sababu haijulikani mwaka mzima utakuwa na kiasi gani. Mji uliotarajia ruzuku yake mapema unaweza kuisubiri hadi majira ya kuchipua au hata kiangazi. Hata hiyo sheria ya muda ikikosekana, shughuli za serikali husimama: siku 35 kuanzia Desemba 2018, kisha siku 43 kuanzia Oktoba 1 hadi Novemba 12, 2025, ambapo msaada wa chakula wa SNAP wa mwezi Novemba ulichelewa kuwafikia walengwa katika majimbo mengi. Ndiyo sababu fedha nyingi za shule hupangwa zianze kutumika Julai 1, na sehemu ya Title I huidhinishwa mwaka mmoja kabla, ili mgogoro wa Washington usiwakute watoto wameshaanza masomo.

Medicaid, bima ya afya ya watu wa kipato cha chini, iko mbali na mabishano hayo ya kila mwaka. Sheria inailazimisha serikali ya shirikisho kulipa sehemu yake ya gharama yoyote halali ambayo jimbo limeingia, wagonjwa wakiongezeka au wakipungua. Sehemu hiyo hupatikana kwa hesabu ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya. Chukua wastani wa kipato cha mkazi wa jimbo kwa miaka mitatu, ugawe kwa wastani wa taifa, jibu ulizidishe kwa lenyewe, kisha uzidishe kwa 0.45. Unachopata ni sehemu ya jimbo. Iliyobaki hulipwa na Washington. Jimbo lenye kipato sawa na cha taifa hulipa asilimia 45. Lenye kipato cha asilimia 80 ya wastani: 0.8 mara 0.8 ni 0.64, mara 0.45 ni 0.288, kwa hiyo jimbo hulipa asilimia 28.8 na shirikisho 71.2. Jimbo tajiri lenye kipato cha asilimia 110 lingepata asilimia 45.55 tu, lakini sheria haishuki chini ya 50, wala haipandi juu ya 83. Watu wazima walioongezwa na mageuzi ya afya ya 2010 wana kiwango chao, asilimia 90. Kuzidisha uwiano kwa wenyewe ndiko kunakofanya tofauti ndogo ya kipato izae tofauti kubwa ya ruzuku.

Tofauti yake ni TANF, msaada wa familia zenye watoto ulioanzishwa 1996. Huo ni fungu lisilobadilika, takriban dola bilioni 16.5 kwa mwaka, na halikupandishwa kufuata mfumuko wa bei, hivyo thamani yake hupungua kadiri bei zinavyopanda. Kwa maoni yangu hakuna mfano unaoonyesha vizuri zaidi kwamba muundo wa ruzuku una uzito kuliko tarakimu ya mwaka wa kwanza.

Turudi kwenye fedha za kila mwaka. Baada ya saini, Ofisi ya Usimamizi na Bajeti iliyo chini ya Rais huzigawa kwa vipindi au kwa miradi, na wizara hairuhusiwi kuzigusa kabla ya hapo. Hapa ndipo Ikulu inapoweza kuzikawiza. Sheria ya 1974 inamruhusu Rais kuliomba Bunge lifute fedha fulani na kuzishikilia kwa siku 45 za kikao; Bunge lisipokubali, lazima ziachiliwe.

Kisha unakuja mgao. Tuchukue ruzuku ya maendeleo ya jamii iliyoanzishwa 1974, maarufu kwa kifupi chake CDBG. Asilimia 70 ya fedha za mgao huenda moja kwa moja kwa miji mikubwa, kwa kawaida yenye watu 50,000 na zaidi, na kaunti za mijini zenye watu 200,000 na zaidi. Asilimia 30 hupewa majimbo, nayo huzifikisha kwa miji midogo. Fomula ni mbili, na mji hupewa ile inayoufaa zaidi. Moja hupima idadi ya watu kwa asilimia 25, umaskini 50 na msongamano ndani ya nyumba 25. Nyingine hupima umaskini kwa 30, nyumba zilizojengwa kabla ya 1940 kwa 50, na kudorora kwa ongezeko la watu kwa 20. Hii ya pili huisaidia miji ya zamani ya viwanda iliyopoteza wakazi.

Tuseme mji umepangiwa dola 1,000,000. Utawala na mipango visizidi asilimia 20, yaani 200,000. Huduma kama malezi ya watoto au chakula cha wazee zisizidi asilimia 15, yaani 150,000. Katika fedha za miradi, angalau asilimia 70 ziwanufaishe watu wa kipato cha chini na cha kati, zikihesabiwa kwa kipindi cha hadi miaka mitatu. Na siku 60 kabla mwaka wa mpango haujaisha, bakaa isizidi mara moja na nusu ya mgao, hapa 1,500,000, la sivyo mji unahesabiwa mzembe wa kutumia na unaweza kukatwa fedha.

Kosa linaloiumiza miji midogo zaidi ni kusaini mkataba wa ujenzi kabla ya tathmini ya mazingira kukamilika na kibali cha fedha kutolewa. Mradi unaweza kuwa mzuri, mkandarasi mwaminifu, lakini gharama hiyo haitalipwa na ruzuku. Linalofuata ni mishahara ya mafundi: mkataba wa ujenzi unaozidi dola 2,000 kwa kawaida unaambatana na viwango vya ujira vilivyowekwa na serikali, na orodha za malipo za kila wiki lazima zihifadhiwe.

Barabara zina utaratibu wa kulipwa baadaye. Jimbo humlipa mkandarasi kwanza, kisha hudai sehemu ya shirikisho, kwa kawaida asilimia 80, au 90 kwa barabara kuu za kuunganisha majimbo. Chanzo ni mfuko wa barabara unaotegemea kodi ya petroli ya senti 18.4 kwa galoni, ambayo haijapanda tangu 1993, hivyo tangu 2008 Bunge limekuwa likiujazia kutoka hazina kuu. Mji uliopewa mradi wa dola 2,000,000 unahitaji 400,000 zake wenyewe, pamoja na fedha za kuendeshea kazi wakati madai yanashughulikiwa. Miji kadhaa hukubali ruzuku bila kuifikiria hii ya pili, kisha kazi ikasimama katikati.

Tarehe mbili nazo huchanganywa sana: ya mwisho wa kuingia ahadi na ya mwisho wa kulipa. Dola bilioni 350 zilizotolewa kwa majimbo na serikali za mitaa mwaka 2021 baada ya korona zilitakiwa ziwe zimefungiwa mikataba ifikapo Desemba 31, 2024, na kulipwa ifikapo Desemba 31, 2026. Fedha iliyowekwa kwenye bajeti ya mji bila mkataba wala oda ya ununuzi haikuhesabika kuwa imeahidiwa. Waliozitumia kuajiri watumishi wa kudumu walibaki na mishahara isiyo na chanzo.

Shule za Title I zina mtego wake. Fedha hizo ziongeze juu ya za jimbo na wilaya, zisichukue nafasi yake, na matumizi ya wilaya yenyewe kwa ujumla yasishuke chini ya asilimia 90 ya mwaka uliotangulia.

Mwishoni huja mkaguzi. Taasisi inayotumia fedha za shirikisho kuanzia dola 1,000,000 kwa mwaka hufanyiwa ukaguzi maalumu. Kiwango kilikuwa 750,000 kwa miaka ya fedha iliyoanza kabla ya Oktoba 1, 2024. Gharama isiyo na kielelezo hukataliwa, na kurejeshwa kwake hutoka kwenye mfuko wa mji wenyewe.

Anayetaka kufuatilia fungu fulani atafute namba yake ya mpango. Title I ni 84.010, CDBG ya miji mikubwa ni 14.218, barabara ni 20.205, Medicaid ni 93.778, na msaada wa wakimbizi unaopitia majimboni, unaowahusu Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili huko, ni 93.566. Namba hiyo hiyo huonekana kwenye tovuti ya USAspending.gov, kwenye mkataba wa ruzuku na kwenye jedwali la ripoti ya ukaguzi. Katika jedwali hilo utaona kiasi kilichotumika kweli mwaka huo, na kama fedha zilitoka Washington moja kwa moja au kupitia jimbo.