Zege linalofunika nondo: nyumba za pwani huanza kuharibika wapi

Mwaka jana niliitwa kukagua nyumba moja ya Kigamboni, iliyo mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka ufukweni. Mwenye nyumba, mzee mstaafu aliyeijenga kidogo kidogo kadiri fedha zilivyopatikana, alinieleza kwamba tatizo lake lilikuwa plasta: nguzo tatu za baraza zilikuwa na nyufa za wima, kila ufa umenyooka kana kwamba umepigwa kwa kamba, na fundi alikuwa amekwisha kuziziba mara mbili. Nilimwomba ruhusa ya kugonga nguzo moja kwa nyundo ndogo. Zege lilitoa mlio wa mtungi mtupu, na kwa pigo la tatu kipande chenye urefu wa mkono kikaanguka chini. Nondo ya milimita 12 iliyokuwa nyuma yake ilikuwa imeliwa hadi kuwa nyembamba kama penseli, huku kutu ikijichambua kwa matabaka. Nilipima unene wa zege lililokuwa likiifunika, nikapata milimita 11. Nikamwambia, "Mzee wangu, plasta haina kosa hapa." Nyumba hiyo ilikuwa haijatimiza miaka kumi.

Ufa wa plasta hutambaa ovyo, mara nyingine kama ramani ya mito, ilhali ufa wa kutu hufuata njia ya nondo. Mtu akiujua utofauti huo hatapoteza fedha kwa kuziba kitu kinachosukumwa kutoka ndani.

Saruji inapochanganyika na maji, mmenyuko wake huacha chokaa nyingi ndani ya zege, na kipimo cha pH cha maji yaliyomo katika vinyweleo vyake huwa kati ya 12.5 na 13. Katika hali hiyo ya alikali chuma hujivika utando mwembamba usioonekana kwa macho, na maadamu utando huo upo, nondo haipati kutu hata zege likiwa na unyevu. Kuna mambo mawili yanayouharibu. La kwanza ni hewa ukaa, ambayo hupenya taratibu, hubadilisha ile chokaa na kushusha pH hadi karibu 9. La pili ni kloridi, yaani sehemu ya chumvi ya bahari, ambayo hutoboa utando hata pale pH ingali juu. Nyumba ya Dodoma hupambana zaidi na hilo la kwanza. Nyumba ya Tanga, Dar es Salaam, Mombasa au Unguja hupambana na yote mawili, na kloridi ndiyo inayotangulia. Kutu ikishaanza, huchukua nafasi iliyo mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa, na kwa kuwa zege ni imara likigandamizwa lakini dhaifu likivutwa, hupasuka.

Watu hushangaa ninapowaambia kwamba nguzo iliyozama baharini wakati wote huharibika polepole kuliko ile ya baraza inayorushiwa mvuke wa chumvi. Sababu ni kwamba kutu huhitaji maji na oksijeni kwa pamoja, na chini ya maji oksijeni ni haba. Ukuta unaolowa na kukauka, kulowa na kukauka, huvuta chumvi kila unapolowa, huiacha ndani kila unapokauka, na bado hupata hewa ya kutosha. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za mwambao wetu uharibifu huonekana kwanza upande unaopigwa na upepo wa kusi.

Waliotutangulia hawakuwa na tabu hii. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake za juu zinabebwa na boriti za mikoko; chumvi haikukuta chuma cha kula. Bei waliyoilipa ni vyumba vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Sisi tulitaka sebule pana, na nondo ikatupa sebule hiyo.

Kwa hiyo swali la msingi kwa mtu anayejenga pwani ni hili: kati ya nondo na hewa ya bahari kuna zege nene kiasi gani, na zege hilo limeshikamana kiasi gani? Kloridi husafiri ndani ya zege kwa namna ambayo muda wa kuifikia nondo huongezeka takriban kwa mraba wa unene. Ukipunguza unene kwa nusu, hutabaki na nusu ya muda bali robo. Kwa zege la ubora uleule, milimita 40 huipa nondo muda unaozidi mara kumi ule unaotolewa na milimita 11. Mimi huagiza milimita 40 kwa nguzo, boriti na slabu za nje, 50 kwa sehemu zinazotazama bahari moja kwa moja na kwa misingi iliyomwagwa juu ya tabaka la kusawazishia, na 75 pale zege linapogusana na udongo bila kitu kati yake. Plasta siihesabu. Husaidia kidogo, lakini ina vinyweleo vingi na hubanduka.

Hapa ndipo mchoro na desturi ya mafundi hugongana. Nguzo nyingi za nyumba zetu hufanywa kuwa na upana wa tofali la inchi 6, yaani milimita 150, ili zisitokeze ukutani. Ukiondoa milimita 40 kila upande, inabaki 70. Toa ringi, yaani chuma chembamba kinachokunjwa kuzizunguka nondo, ya milimita 8 pande zote mbili na nondo mbili za milimita 12, inabaki nafasi ya milimita 30 ambamo kokoto za milimita 20 zinatakiwa kupita. Hazipiti vizuri, hukwama, na fomu, yaani mbao zinazolishikilia zege bichi, ikifunguliwa zege linakuwa na matundu kama sega la nyuki. Fundi anajua hivyo kwa uzoefu, naye huamua kukunja ringi kubwa zaidi na kula unene wa zege la nje. Simlaumu sana, kwa maana kosa lilikwishafanyika kwenye mchoro. Nguzo ya nje ya nyumba ya pwani iwe na angalau milimita 230, hata kama itatokeza, na ringi yake ikunjwe milimita 150.

Ringi sahihi peke yake haitoshi, kwa sababu nondo zilizosukwa zikisimamishwa ndani ya fomu huelemea upande mmoja. Kinachozishikilia ni biskuti, vile vipande vidogo vya zege vinavyofungwa kwa waya kwenye nondo. Biskuti ni kazi ya siku moja, na bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na saruji ya nguzo nzima, lakini ndicho kitu ambacho hukosekana mara nyingi zaidi katika maeneo ya ujenzi ninayotembelea. Badala yake hukuta mawe, vipande vya vigae, hata vijiti. Kijiti huoza na kuacha tundu linaloifikisha chumvi kwenye nondo. Biskuti nzuri hutengenezwa kwa saruji kipimo kimoja na mchanga vipimo viwili, hupewa waya ingali mbichi, na hulowekwa majini kwa siku zisizopungua saba. Mimi huzitaka kwa umbali usiozidi mita moja, pande zote za nguzo na siyo chini tu, na huzikagua mwenyewe kabla fomu haijafungwa, kwa kuwa baadaye hakuna anayeweza kuziona.

Chumvi nyingine haitoki hewani. Tunaitia wenyewe. Kiwango kinachokubalika kwa kawaida katika zege lenye nondo ni kloridi isiyozidi asilimia 0.4 ya uzito wa saruji, sawa na gramu 200 kwa mfuko wa kilo 50. Maji ya bahari yana takriban gramu 19 za kloridi kwa lita. Ukichanganya mfuko mmoja kwa lita 25 za maji hayo, umetia gramu 475, zaidi ya mara mbili ya kiwango, na nondo itakuwa na adui tangu siku ya kwanza. Visima vya karibu na bahari haviko mbali na hesabu hiyo kama watu wanavyodhani. Tuseme kisima kina gramu 2 kwa lita, maji ambayo ulimi huyakataa: hiyo ni gramu 50 kwa mfuko. Ongeza mchanga. Kwa uwiano wa 1:1.5:3 wa saruji, mchanga na kokoto, mfuko mmoja huenda na takriban kilo 80 za mchanga, na ukiwa na asilimia 0.1 tu ya kloridi, ni gramu 80 nyingine. Tayari zaidi ya nusu ya kiwango imetumika kabla bahari haijaanza kazi yake. Mchanga wa ufukweni siutumii kabisa kwenye zege lenye nondo, na kuuchota huko kunaumaliza ufukwe wenyewe. Kokoto za matumbawe nazo hunywa maji na hubeba chumvi. Kwa nguzo na slabu za Dar es Salaam ni afadhali kulipia usafiri wa kokoto ngumu kutoka Lugoba.

Kuhusu wingi wa maji, Duff Abrams alikwisha kuonyesha huko Chicago mwaka 1918 kwamba nguvu ya zege hutawaliwa na uwiano wa maji kwa saruji. Maji yanayozidi yale ambayo saruji inayahitaji hukauka na kuacha vinyweleo, na vinyweleo ndivyo barabara ya kloridi. Kwa kazi za pwani sivuki lita 23 kwa mfuko wa kilo 50, nikihesabu pia maji yaliyomo ndani ya mchanga: mchanga wenye unyevu wa asilimia 5 huleta lita 4 ambazo hakuna aliyezipima. Zege la namna hii ni zito kusukuma, saidia fundi hulalamika, na ndoo ya maji huwa karibu. Ndiyo maana vibreta, mashine inayolitikisa zege ili lishikamane, si anasa.

Saruji ya 42.5 au 32.5? Namba hizo hueleza nguvu baada ya siku 28, hazielezi ustahimilivu wa chumvi. Saruji yenye pozolana, yaani unga kama majivu ya volkano, huweza kuizuia kloridi vizuri zaidi, ila huchelewa kukomaa na huhitaji kumwagiliwa muda mrefu.

Kumwagilia asubuhi na jioni, kama ilivyo desturi, hakutoshi wakati wa kaskazi, kwa kuwa kufikia saa sita mchana uso wa zege umekwisha kukauka. Slabu naizungushia kingo za mchanga na kuijaza maji. Nguzo nazivika magunia yaliyolowa na kuzifunga nailoni. Siku saba ni kiwango cha chini, kumi na nne kwa saruji yenye pozolana. Zege lililokauka mapema huwa dhaifu hasa katika zile sentimita chache za nje, ambazo ndizo tunazozitegemea.

Nguzo za yule mzee tulizitengeneza kwa kuegemeza boriti kwa mirunda kwanza, kisha kubomoa zege hadi milimita 25 nyuma ya nondo na kuendelea juu na chini mpaka tulipokuta chuma safi. Ukiziba pale tu palipopasuka, kutu huhamia kwenye nondo iliyo kando ya kiraka. Nondo zilizoliwa tulizikata na kuunga mpya kwa mwingiliano wa milimita 600.

Nguzo ya nne, ya pembeni, haikuwa na ufa upande wa ndani, lakini niliifungua pande zote mbili ili nipime. Ringi zilikuwa za milimita 180 ndani ya nguzo ya 230, kwa hiyo zingekaa katikati kila upande ungepata milimita 25, pungufu lakini si msiba. Hapakuwa na biskuti hata moja. Upande wa bahari ulikuwa na milimita 11 na kutu, upande wa pili milimita 39. Upande huo haupigwi sana na kusi, na hilo sharti nilikiri, lakini nondo yake ilikuwa na rangi ya kijivu ileile ya dukani.