Ongeza Polima, Mchanganyiko Ulegee: Nyuzi za Kevlar Zinavyopatikana

Anayepika uji anajua kwamba ukizidisha unga, uji unakuwa mzito. Polima, yaani molekuli ndefu zilizoungwa kwa vipande vingi vidogo, nyingi zikiyeyushwa hufuata kanuni hiyohiyo. Ndiyo maana mwaka 1965, katika maabara za kampuni ya DuPont huko Wilmington, Marekani, mkemia Stephanie Kwolek alipopata mchanganyiko mwepesi, wenye ukungu na unaometameta ukikorogwa, mwenzake wa mashine ya nyuzi alisita kuupokea. Alihofia kwamba ukungu ule ulitokana na chembe ambazo zingeziba vitundu vya mashine. Kwolek alikuwa ameuchuja, na ukungu haukuondoka. Baada ya kubembelezwa, mwenzake alikubali, na ukatoka uzi mgumu kuliko walivyotarajia.

Kilichotokea ni hiki. Molekuli za nailoni ni ndefu na hupindapinda, kwa hiyo hutatizana. Zile za Kwolek ni za jamii hiyohiyo ya nailoni (poliamidi), ila zina pete za benzini, yaani pete ngumu za atomi sita za kaboni, kwa hiyo zimenyooka na kukakamaa. Zikiwa chache, kila moja inageukia inakotaka na kuzigonga za jirani. Ukiongeza nyingine, mnato, yaani uzito wa mchanganyiko unapotiririka, unapanda. Lakini zikifikia kiwango fulani, nafasi ya kugeuka inakwisha, nazo zinajipanga zenyewe kuelekea upande mmoja. Hapo mnato unashuka ghafla, kwa kuwa molekuli zilizolala sambamba zinapitana bila kukwamishana. Ukizidi kuongeza, utapanda tena. Mkemia Paul Flory alikuwa ameshatabiri kwa hesabu, mwaka 1956, kwamba molekuli za namna hiyo zingejipanga. Hali hii tunaiita fuwele-kimiminika: inatiririka, ila ina mpangilio.

Mpangilio huo si mmoja kwa chombo kizima. Upo kwa vipande vidogovidogo, kila kimoja na mwelekeo wake, na mipaka yake ndiyo hutawanya mwanga na kuleta ukungu. Mtiririko ndio unaovielekeza. Kwa Kevlar, nyuzi zilizotokana na ugunduzi huo wa Kwolek, polima huyeyushwa katika asidi salfuriki kali, kiasi cha asilimia 20 kwa uzito, ikiwa na joto la karibu nyuzi 80 za Selsiasi. Husukumwa kupitia vitundu vyembamba, ikavutwa kwenye pengo dogo la hewa, kisha ikazama katika maji baridi. Kuvutwa pale hewani ndiko kunakozinyoosha molekuli zote upande wa uzi, na maji huzigandisha kabla hazijavurugika. Kwa uzito uleule, uzi huo una nguvu mara tano hivi ya chuma cha pua. Kwa maoni yangu, sifa kubwa inastahili lile pengo la hewa, ingawa watu husimulia zaidi habari za fulana za kuzuia risasi.

Zipo pia polima za aina hii zinazoyeyuka kwa joto tu, bila asidi, kama plastiki inayouzwa kwa jina la Vectra. Zikiwa za moto hupenya kwenye kalibu nyembamba mno, kwa hiyo hutengenezwa viunganishi vidogo vya vifaa vya elektroniki. Tabu yake iko pale mikondo miwili inapokutana ndani ya kalibu. Molekuli za kila upande hulala kandokando ya mpaka badala ya kuuvuka, na kiungo hicho huvunjika kirahisi. Fundi makini huamua kwanza plastiki iingilie wapi, ili mstari huo uangukie sehemu isiyobeba mzigo.