Kasi peke yake haiufanyi wimbo wa dansi kuwa panki

Vijana wengi wanaorekodia chumbani, Kigoma mjini hadi Ujiji, huamini kwamba wimbo wa dansi wa kielektroniki ukiongezwa kasi kwenye kompyuta unageuka panki ya hadikoo, ule muziki wa magitaa makali ulioibuka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970. Si dhana ya ajabu. Panki hiyo kweli hukimbia.

Lakini sikiliza singeli, muziki wa kasi wa Tanzania. Mara nyingi hupita midundo 200 kwa dakika, na hakuna anayeiita panki. Wimbo wa dansi ukigeuzwa panki, kinachobadilika hasa ni upigaji: kinanda kinachojirudia hupewa gitaa lenye mkwaruzo, mara nyingi noti mbili tu kwa pamoja, ya msingi na ya tano. Ngoma kubwa na ndogo hupokezana mbiombio. Mwimbaji anafoka. Utangulizi mrefu wa kupandisha mzuka hukatwa (hapo ndipo wengi huona uchungu).

Hakikisha mwenyewe: hesabu midundo ya wimbo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4 upate midundo kwa dakika. Hausi, aina mojawapo ya dansi ya kielektroniki, huangukia karibu 120 hadi 130. Kisha harakisha rekodi bila kudhibiti kimo cha sauti: mwimbaji atalia kama katuni, na kinanda kitabaki kinanda.